Kupinga si itikadi: wewe mwenyewe unaamini nini?

(Hii ni mada niliyowasilisha kwenye darasa la vijana. Wengi mliomba maandishi, haya hapa. Nimepunguza utani, hoja zote zimebaki.)

Najua mada ya itikadi ikipangwa baada ya chakula watu huanza kusinzia. Mnivumilie, na asiyeelewa anikatishe hapo hapo, asisubiri mwisho.

Nianze na swali ambalo kila mmoja wetu ataulizwa tukiingia kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Utapita nyumba kwa nyumba, utaongea vizuri, utaeleza ubovu wa barabara, utataja ripoti za CAG. Halafu mama anayekaanga mihogo atafuta mikono kwenye kanga, akuangalie usoni, akuulize: "Haya mwanangu, nimekusikia. Wale wabaya. Sasa nyie mnataka nini?"

Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Tunarudi kuwasema wale wale. Mama anauliza mara ya pili, tunawasema tena kwa sauti ya juu zaidi. Mwisho anasema "sawa, nimewaelewa", na sisi tunaondoka tukijua kabisa hajaelewa kitu.

Naomba tukubaliane mapema. Kupinga ni kazi halali. Ibara ya 18 ya katiba inatupa uhuru wa maoni, ibara ya 20 inatupa uhuru wa kujumuika. Tumenyimwa mikutano ya hadhara kuanzia 2016 mpaka Januari 2023, na bado tukapinga. Hilo tusilionee aibu. Ila kupinga peke yake si itikadi. Ukisema fulani anaiba, bado hujasema wewe ukikabidhiwa funguo utafanya nini.

Itikadi ni kitu gani

Neno lisiwatishe. Itikadi ni imani yako juu ya namna watu wanavyopaswa kuishi pamoja, imani iliyopangika kiasi kwamba hata likija jambo jipya kabisa unaweza kujua utasimama upande gani. Sera ni ndogo kuliko hapo. Elimu bila ada ni sera. Ile sababu inayokufanya uamini kwamba mtoto wa maskini asizuiwe getini kwa kukosa hela, hiyo ndiyo itikadi. Ilani nayo ni orodha ya sera za miaka mitano. Ilani inaweza kubadilika kila uchaguzi, hakuna neno. Mtu akibadilisha itikadi kila uchaguzi, huyo hakuwa nayo tangu mwanzo.

Ukisoma sana utakutana na majina mengi yanayoishia na "-isti", lakini karibu yote yanajibu maswali matatu:

1. Mali inayotulisha, yaani ardhi, madini, mabenki, bandari, viwanda, imilikiwe na nani?
2. Serikali iwe na nguvu kiasi gani juu ya mtu mmoja?
3. Gharama za vitu tunavyotumia wote zibebwe na nani, na asiye na kitu asaidiweje?

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao. Mtaa wenu hauna maji ya bomba. Chini ya ardhi maji yapo. Sasa kisima kichimbwe na nani, kiwe cha nani, ndoo iuzwe shilingi ngapi, na bibi asiye na hata shilingi mia afanyeje?

Kabla ya kujibu, tuondoe kwanza hili la kulia na kushoto maana linawachanganya wengi. Lilianza Ufaransa mwaka 1789. Kwenye bunge lao la mapinduzi, waliotaka mfalme abaki na nguvu zake walikaa upande wa kulia wa mwenyekiti, waliotaka mabadiliko wakakaa kushoto. Basi. Ni viti tu. Baadaye kushoto kukawa na maana ya wanaotaka usawa na mali ya pamoja, kulia wanaotaka soko, mali binafsi au mila zibaki. Mtu mmoja anaweza kuwa kushoto kwenye uchumi na kulia kwenye mambo ya familia. Tanzania watu wa namna hiyo ni wengi mno, na pengine umekaa naye kiti kimoja sasa hivi.

Itikadi na kisima chetu

*Ubepari.* Mwenye mtaji achimbe kisima, kiwe chake, auze ndoo kwa bei anayotaka. Akizidisha bei, jirani naye atachimba chake na bei itashuka. Nguvu ya itikadi hii ni kwamba mtu hujituma kwenye kilicho chake. Ukitaka kuiona bila kufungua kitabu, nenda Kariakoo alfajiri. Udhaifu wake ni pale kisima cha pili kisipochimbwa. Mwenye kisima kimoja mtaa mzima ni mfalme, na bibi yetu atakaa na ndoo tupu.

*Uliberali mamboleo.* Huyu ni mtoto wa ubepari aliyekuja kwetu na mikopo. Anasema hata vile vilivyokuwa vya umma vikabidhiwe sekta binafsi, serikali ipungue, ruzuku zifutwe. Tanzania tulisaini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, wakati wa Mzee Mwinyi, na miaka ya 1990 ubinafsishaji ukashika kasi. Tena mfano wetu wa maji upo kabisa: mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni binafsi, City Water. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Haijatimia hata miaka miwili.

*Ukomunisti.* Karl Marx na Friedrich Engels walitoa ilani yao mwaka 1848. Mkomunisti anasema tatizo si bei ya ndoo. Tatizo ni kwamba kuna tabaka linalomiliki kisima na tabaka linalochota. Kwa hiyo kisima, pampu, na hata kiwanda cha pampu viwe vya wote, na matabaka yaondoke. Msidhani ni mambo ya Urusi na China tu. Zanzibar mwaka 1963 Abdulrahman Babu alianzisha chama cha Umma, na vijana wake wengi walisoma Marx kuliko tunavyosoma sisi leo. Udhaifu wake tumeuona duniani: "vya wote" huishia kuwa vya chama, na chama huishia kuwa cha mtu mmoja asiyeulizwa.

*Ujamaa.* Huu ni wetu, tusiuelezee kama wageni. Mwalimu alisema hatuhitaji kuanzia kwenye vita vya matabaka, kwa sababu undugu tayari ulikuwepo kwenye jamii zetu. Azimio la Arusha la Februari 1967 likataifisha mabenki na njia kuu za uchumi. Likaweka na miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Hebu fikirieni miiko hiyo ingerudi leo asubuhi, nani angebaki ofisini mpaka jioni? Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo hatujapata ya kufanana nayo.

Lakini tuwe wakweli pande zote. Ujamaa ule ule ulileta elimu ya msingi kwa wote na elimu ya watu wazima, na ukawafanya Wasukuma, Wachaga na Wamakonde wajione watu wa nchi moja. Ujamaa ule ule ulihamisha mamilioni ya watu kwenda vijijini kwa amri, na wapo walioondolewa kwa nguvu na nyumba zao kuharibiwa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa, vyombo ambavyo wakulima walivijenga wenyewe kabla ya uhuru. Kwenye kisima chetu: kisima ni cha kijiji, bibi anachota bure, ila anayeuliza mahesabu ya dizeli anaitwa mpinga maendeleo.

*Uliberali.* Huyu mwenye kisima si shida yake kubwa. Shida yake ni mchotaji. Anasema asinyimwe mtu maji kwa chama chake, dini yake au kabila lake. Msimamizi achaguliwe na aondolewe kwa kura. Mahesabu yabandikwe ukutani. Na anayelalamika asikamatwe. Udhaifu: unaweza kuwa na haki zote hizo zimeandikwa vizuri kwenye karatasi na bado huna hela ya ndoo.

*Demokrasia ya kijamii.* Hii ndiyo ya nchi kama Sweden, Norway na Denmark. Mtu binafsi aruhusiwe kuchimba kisima na apate faida, ila alipe kodi, wafanyakazi wake wawe na chama chenye nguvu, na kodi ile ichimbe kisima cha umma ili bibi asitegemee huruma ya mtu. Watu hudhani hawa ni wajamaa. Hapana, matajiri wapo na wanaendelea kutajirika. Tofauti ni kwamba tajiri hawezi kukataa kuchangia. Udhaifu: inahitaji serikali inayokusanya kodi kwa haki na isiyoiba, na hapo kwetu pana kazi.

*Uhafidhina.* Mhafidhina si mjinga na si adui. Anasema kisima cha wazee kipo, kina taratibu zake, kimetulisha miaka mingi, tusikivunje kwa mihemko. Kuna wakati yuko sahihi. Ila angalieni Sheria ya Ndoa ya 1971, inayoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi wakati mvulana lazima awe na 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa mwaka 2019. Miaka ikapita bila Bunge kurekebisha vifungu hivyo. Waliokuwa wanavitetea hoja yao ilikuwa mila na dini. Mhafidhina analinda kisima bila kuuliza nani amekuwa akikatazwa kuchota.

*Utaifa, na jirani yake mbaya.* Mzalendo anasema kisima kwanza kwa watu wa hapa. Sawa, mimi pia naipenda nchi yangu. Lakini utaifa ukikomaa vibaya unageuka ufashisti, ule wa Mussolini aliyeshika madaraka Italia mwaka 1922: kiongozi ndiye taifa, anayempinga kiongozi ni msaliti wa taifa. Mkisikia neno "msaliti" au "kibaraka wa mabeberu" linatumika badala ya hoja, fungueni masikio, hata kama anayelitumia ni wa kwetu.

Mwisho kuna watu watakaowaambia kisima kiwe bure, kiwe kikubwa, kichimbwe kesho, na hakuna atakayelipa. Hiyo si itikadi. Hizo ni siasa za kusema kile umati unachotaka kusikia, na kila chama duniani kina watu wa namna hiyo. Na sisi tunao.

Hapana moja, sababu nne

Kwa nini nimewachosha na yote haya? Chukueni suala la bandari mwaka 2023. Bunge liliridhia makubaliano na Dubai tarehe 10 Juni, na nchi ikalipuka. Tulisimama pamoja, wanasheria, mapadri, wanaharakati, vyama. Kwa nje tulionekana kitu kimoja. Lakini mngewasikiliza kwa makini mngesikia watu tofauti kabisa.

Wa kwanza alisema bandari ni njia kuu ya uchumi, asipewe mtu binafsi yeyote, hata Mtanzania. Huyo ni mjamaa. Wa pili alisema apewe mtu binafsi, ila asiwe Mwarabu. Huyo ni mtu wa utaifa, na wengine walivuka mpaka wakaingia kwenye ubaguzi. Wa tatu alisema mwekezaji sawa hata akitoka nje, ila mkataba hauna ukomo unaoeleweka, zabuni haikuwa ya wazi, na wananchi walipewa muda mfupi mno wa kutoa maoni. Huyo ni mliberali. Wa nne alisema tatizo ni bei: tuchukue mwekezaji, lakini mgao wetu uwe mkubwa uende kwenye hospitali. Huyo ni wa demokrasia ya kijamii.

Wote wanne walisema hapana. Sasa jiulizeni: siku tukiingia Ikulu, na bandari ile ile ipo mezani, hawa wanne watakubaliana nini? Wa kwanza na wa tatu watavunja chama wiki ya kwanza. Mazungumzo ambayo hatukuyafanya tukiwa nje, tutayafanya tukiwa ndani, kwa kugombana, na wananchi wakitutazama.

Mimi naamini nini

Si haki niwaombe mseme mnachoamini halafu mimi nijifiche. Natumia maswali yale yale matatu.

*Mali.* Ardhi ya kijiji ibaki mikononi mwa kijiji. Sheria za ardhi za 1999 zina kasoro nyingi, ila zilifanya mambo mawili mazuri: zilitambua ardhi ya kimila na zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Biashara nyingine nyingi ziachiwe watu, serikali haina sababu ya kuuza bia. Ila vitu ambavyo haviwezi kuwa viwili, kama bandari kuu, gridi ya umeme, bomba kuu la maji, naamini umma uwe na mkono wake humo, na si mkono wa kupokea bahasha. Ndiyo maana nasema wazi, japo wengine mtaguna: ile asilimia 16 ya hisa za serikali kwenye migodi, iliyowekwa na sheria za 2017, naiunga mkono. Siungi mkono namna ilivyopitishwa, kwa hati ya dharura, wabunge wakipewa siku chache kusoma. Lakini jambo zuri halibadiliki kuwa baya kwa sababu limefanywa na wale tusiowapenda.

*Nguvu ya serikali.* Hapa mimi ni mliberali, na sheria ndiyo iliyonifanya hivyo. Wengi hamjui kwamba katiba yetu ya 1977 ilianza bila orodha ya haki za binadamu inayoweza kudaiwa mahakamani. Iliingizwa 1984, na mahakama zikaanza kuitumia 1988. Mwaka mmoja kabla ya kuingizwa, 1983, watu walikamatwa kwa uhujumu uchumi kwa sheria iliyotungwa wakiwa tayari ndani. Wananchi wengi walishangilia, maana sukari na sabuni zilikuwa hazionekani madukani. Sheria iliyoirithi, ya 1984, bado ipo mpaka leo, na tunajua kesi za uhujumu uchumi na utakatishaji fedha zimetumikaje miaka ya karibuni kuwaweka watu rumande bila dhamana. Sheria mbaya huanza na mtu ambaye hakuna anayemhurumia. Inamaliza na wewe.

Kwa hiyo kuna kauli moja ninayoisikia sana kwenye vikao vyetu na leo nataka niipinge hapa mbele yenu: "Tukishika nchi, mafisadi tutawanyonga." Mimi nasema hapana. Adhabu ya kifo iko kwenye vitabu vyetu, ingawa tangu miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Sitaki turudishe kamba. Fisadi ashtakiwe, apewe wakili, apewe dhamana pale inapostahili, akikutwa na hatia afilisiwe na afungwe. Haki ya kusikilizwa tunayoililia sisi leo, kesho itakuwa yao. Kama hatukubali hilo, basi tunachotaka ni zamu tu.

Naamini pia katika mgombea binafsi. Ibara za 39 na 67 zinamlazimisha mgombea urais na ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Mtikila alipambana na jambo hili kwa karibu miaka 20, mpaka Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ikampa ushindi Juni 2013. Haijatekelezwa. Na tusidanganyane, vyama vikubwa havina haraka nayo, na sisi hatuna haraka nayo, kwa sababu mgombea binafsi angepunguza nguvu za vikao vya uteuzi vya kila mtu. Mimi bado naitaka. Kadhalika na ibara ya 41(7), inayozuia mahakama kuhoji matokeo ya urais yakishatangazwa. Iondoke, hata siku mshindi akiwa wa kwetu.

*Gharama.* Hapa nakwenda kushoto. Julai 2021 serikali ilianza kukata tozo kwenye miamala ya simu. Watu walilia, ikapunguzwa asilimia 30 ndani ya miezi miwili. Wengi tulipinga kwa sababu inauma. Mimi napinga kwa sababu nyingine: tozo ile ilimkata zaidi, kwa uwiano wa kipato, dada wa kazi anayemtumia mama yake elfu 20 kijijini kuliko mwenye kampuni. VAT ya asilimia 18 nayo iko hivyo hivyo, mnunua sabuni maskini na tajiri wanalipa sawa. Naamini mwenye nacho abebe zaidi. Na hela hiyo iende kwenye elimu na afya. Ada ya sekondari ilipofutwa kuanzia 2016, wapo waliosema "wametuibia sera yetu", kwa kuwa Dkt. Slaa aliinadi tangu 2010. Mimi nilifurahi. Kama unaamini kweli mtoto asome, utafurahi akisoma, hata kama tangazo limetolewa na mpinzani wako.

Ukinijumlisha, mimi ni mtu wa demokrasia ya kijamii, mwenye uliberali mwingi kwenye mambo ya haki. Kuna wenzangu humu ndani wanaoamini soko zaidi yangu, na kuna waliobaki na Mwalimu moja kwa moja. Nawaheshimu. Ninachoogopa ni yule anayesema "mimi itikadi sijui, mimi nawapinga tu hawa."

Bei ya kutojua

Mnakumbuka kati ya 2017 na 2019? Wabunge na madiwani wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine, wakahamia chama tawala, na wengi sababu yao ilikuwa moja: "kuunga mkono juhudi." Tulikasirika, tuliwatukana, tukasema wamenunuliwa. Siwezi kusema yaliyokuwa moyoni au mfukoni mwa mtu, na kama mwanafunzi wa sheria sitasema bila ushahidi. Ila angalieni ile sababu yenyewe. Kama kilichokuleta upinzani kilikuwa ni kukasirishwa na ufisadi na uzembe, na akaja mtu anayetumbua watu hadharani na kununua ndege, basi huna tena sababu ya kubaki. Hasira yako imejibiwa. Lakini kama kilichokuleta ni imani kwamba mwenye madaraka lazima ahojiwe, na yule yule anayenunua ndege amezuia mikutano na matangazo ya Bunge mubashara, ungebaki. Ndege zisingekutosha.

Na huku kwetu pia. Mwaka 2015 tulipokea mtu mzito kutoka chama tawala, tukampa bendera ya urais, wakati baadhi yetu miaka kadhaa nyuma tulikuwa tumemtaja kwenye orodha za ufisadi. Wapo walioamini ni mkakati sahihi, wapo walioondoka kwa uchungu. Kura zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote. Mimi wakati huo nilikuwa shule, sina cha kumhukumu mtu. Nauliza tu swali la darasani: tulipoamua lile, tulitumia kipimo gani? Kama kipimo kilikuwa "atatushindisha", basi hicho si kipimo cha itikadi, na hakuna kitu cha kutuzuia kukitumia tena.

Itikadi inakusaidia kumjua mpinzani wako. Lakini kazi yake kubwa zaidi ni kukusaidia kumwambia mwenyekiti wako, kwa heshima zote, "hapa tumetoka nje ya njia."

Kazi ya nyumbani

Nimalizie na kazi, maana darasa bila kazi ni mkutano wa hadhara.

Kwanza, kila mmoja aandike majibu yake ya yale maswali matatu. Sentensi mbili kwa kila swali, Kiswahili cha kawaida. Ukishindwa kuandika bila kutaja CCM, futa uanze upya.

Pili, someni katiba ya chama chetu sehemu ya itikadi. Iko mwanzoni kabisa, zile kurasa tunazoziruka kwenda kwenye vyeo. Weka alama pale usipokubaliana. Njoo nayo kwenye kikao, tubishane kwa adabu.

Tatu, kwa wale mnaogombea uenyekiti wa mtaa au kijiji: chagueni jambo moja la hapo hapo mtaani. Dampo, kisima, ada ya machinga, mchango wa ulinzi shirikishi. Andika jambo hilo liwe la nani, liamuliwe vipi, lilipiwe na nani. Usitaje hata itikadi moja kwa jina. Mama wa mihogo hahitaji kujua neno "uliberali". Anahitaji kujua kwamba mahesabu ya mtaa yatabandikwa ukutani kila baada ya miezi mitatu, na kwamba akiyahoji hatanyimwa barua ya utambulisho.

Akikuuliza "sasa nyie mnataka nini?", anzia hapo. Maswali?